Kifua Kizima cha Dirishani

Jumatatu, 12 Januari 1998

Nimefika Mpanda juu ya lori kutoka kwetu Mpimbwe, na sanduku langu, godoro la sufi, na kichwa kisicho na unywele hata mmoja.

Bibi tumemzika wiki ya Krismasi. Alikuwa anakohoa tangu mavuno ya mpunga, na nyumbani walisema mengi, mara karogwa, mara ni pumu ya uzeeni. Mimi ndiye niliyelala naye likizo yote nikimshikia kopo la kutemea. Katika ukoo wetu hunyolewa waliolala nyumba moja na marehemu, basi nikanyolewa mimi wa kwanza, kwa wembe mkavu, na shangazi yangu ana mkono mzito.

Sasa navaa kitambaa. Chuo kimetuleta hapa hospitali kwa mafunzo ya vitendo mpaka masika yaishe, na kati ya wenzangu yumo Osward. Osward akikiona kipara hiki sitapumzika hadi nihitimu.

Bweni la wasichana linavuja, kwa hiyo nimepanga chumba Majengo kwa Mama Candide, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Katumba anayeuza maandazi. Wako wawili tu, yeye na Candide wake, binti wa miaka kama minne. Aliniuliza mbona nalala na kitambaa. Nikamweleza mila yetu. Akasema kwao hawanyoi hivyo, lakini ni vizuri mtu aonekane kafiwa.

Alhamisi, 15 Januari

Somo la kwanza la picha za kifua. Taa ya kusomea picha iliungua zamani, kwa hiyo picha hubandikwa kwa plasta kwenye kioo cha dirisha, na tunasoma kwa mwanga wa mbingu. Mawingu yakiwa mazito hakuna somo. Mwaka huu wa El Nino tutajifunza kidogo sana, jamani.

Mwalimu wetu ni Dokta Felisiani. Mfupi, mtanashati, mcheshi, na hapendi kubishiwa. "Nyie mnakimbilia mapafu kama kuku kwenye pumba," anasema. "Anza nje. Soma jina. Hesabu mbavu. Angalia moyo. Halafu mapafu. Na mwisho kabisa chungulia nyuma ya mtulinga, huu mfupa wa chini ya shingo, hapo juu, maana ugonjwa unapenda kujificha hapo."

Ndaki, Msukuma wetu mkimya, aliandika kila neno. Mimi sikuandika. Nilielewa.

Jumamosi, 17 Januari

Mvua.

Jumanne, 20 Januari

Leo nimeaibika, na naandika yote ili hasira initoke.

Mzee mmoja kamleta binti yake, Kabula, kwa baiskeli kutoka huko kwenye mifugo. Ana homa na kikohozi cha siku chache. Jenereta likawashwa, picha ikapigwa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye kamba. Dokta alipokuwa anaibandika dirishani mimi nilishaona. Kivuli kinene, juu, nyuma ya mtulinga. Nikasema kwa sauti, mbele ya baba mtu, "Hicho ni kifua kikuu."

Yule mzee alikaa sakafuni palepale.

Dokta akamwomba Kabula avue mtandio. Nywele zimefungwa kwa uzi mweusi, mikia minene imeshuka mpaka mabegani. Akamwambia muuguzi azikusanye utosini na picha irudiwe. Picha ya pili kivuli hakipo.

"Ulitaka kumchoma sindano kila siku kwa ajili ya uzi wa dukani," Dokta akaniambia. Walicheka wote, hata baba yake Kabula alicheka, ingawa sidhani alielewa kinachochekwa. Osward ameshanibatiza Daktari wa Nywele.

Alhamisi, 22 Januari

Dokta alisema kabla hatujaona wagonjwa zaidi tunahitaji kifua kizima cha kulinganishia. Kila darasa hupiga picha ya mmoja wao. Akauliza nani kati yetu hajawahi kulazwa. Nilijitokeza mbele ya wote. Nilitaka walau niwe mwalimu wao kwa jambo moja.

Ndaki ndiye aliyenipanga mbele ya mashine, mikono kiunoni, kidevu juu. Nilikataa kuvua kitambaa, na Ndaki ana adabu, hakulazimisha.

Picha ilipokauka ikabandikwa kwenye kioo cha kati na hapo ndipo itakapokaa msimu wote. Dokta akapita na kidole. Mbavu nzuri, moyo mzuri. Ndaki akauliza, taratibu kama kawaida yake, "Na huu ukungu mdogo chini ya mtulinga wa kulia, Dokta?"

Dokta alikuwa anafuta mikono. Hakugeuka. "Nywele. Jumanne hamkujifunza kitu?"

Wakacheka tena, na macho yote kwangu. Osward akasema nywele zimenifuata hadi ndani ya mapafu.

Mimi sina nywele. Nilikuwa nimesimama hapo na kipara changu chini ya kitambaa, na nilifungua mdomo niseme. Nikaona nitakavyovuliwa kitambaa mbele yao, nikaona Dokta anavyobishiwa na mtu aliyemkosea Kabula juzi tu. Nikaufunga.

Ni doa. Maji ya kuoshea picha siku hizi ni ya mvua, yana tope. Nimeona madoa kwenye picha nyingine pia.

Jumatano, 28 Januari

Mvua tangu Jumapili. Maandazi ya Mama Candide hayajauzwa, tunayala sisi.

Jumanne, 3 Februari

Reli imekatika. Tuta limesombwa mahali fulani huko kuelekea Kaliua na hakuna ajuaye treni itakuja lini. Sukari imeadimika sokoni. Kinachotuhusu sisi ni kwamba filamu za picha zilikuwa zije kwa treni hiyo. Dokta amefungua kabati akatuonyesha boksi moja lililobaki, na hilo nalo lilishatumika zaidi ya nusu. Kuanzia leo atapigwa picha yule tu ambaye bila picha atakufa.

Kurudia picha ya mwanafunzi ili kuona kama ni doa, basi, ni jambo la kusahau.

Jumatatu, 9 Februari

Paa linavuja upande wa kitanda cha Mama Candide. Yeye kahamia kwenye mkeka jikoni karibu na moto, Candide analala na mimi. Ni mtoto wa maneno mengi. Ananiita Dokita. Analala na kipimo changu cha kusikilizia masikioni, anaweka ile sahani kifuani kwangu na kutangaza, "Inalia shuu, inalia kwa-kwa." Nikamwambia kwa-kwa ni chura amejificha humo. Akacheka hadi akapata kwikwi.

Nina kikohozi. Nani hana, na unyevu huu? Mama Candide ananichemshia tangawizi.

Jumapili, 15 Februari

Sikwenda misa. Nimeamka shuka limelowa jasho. Nilimwambia Mama Candide ni paa linalovuja.

Alhamisi, 19 Februari

Leo Dokta amefundisha jambo ambalo laiti angelifundisha mwezi uliopita. Osward alimwuliza tutazijuaje nywele kama hatuna filamu ya kurudia. Dokta akasema ni rahisi sana. Nywele ziko nje ya mwili. Kivuli chake hakijui mpaka wa pafu, kinapita juu ya mtulinga, kinapanda hadi shingoni. Kivuli kinachokaa ndani ya pafu na kuishia hapo, huyo ni mwenyeji, ni ugonjwa.

Kila mtu akageukia dirisha la kati, kwenye kifua kizima. Lakini mbingu ilikuwa imefunga kabisa, nyeusi, mvua inapiga kioo, na picha ilikuwa kipande cheusi tu. Dokta akasema tutaangalia siku nyingine. Baadaye akasahau.

Sijawahi kuyapenda mawingu kama leo. Nikishasema hivyo najiona mjinga, lakini ndivyo ilivyo.

Jumanne, 24 Februari

Jua. Nimekaa somo zima nimeligeuzia dirisha mgongo.

Wauguzi wapya wameletwa kutembezwa. Dokta akawasimamisha mbele ya picha yangu. "Hiki ndicho kifua kizima. Kariri hiki, ukiona tofauti ndipo uulize." Wakakariri. Mmoja akanikonyeza na kusema hongera, dada.

Ijumaa, 27 Februari

Sketi yangu ya buluu inashuka kiunoni. Nimeifunga kwa pini.

Jumapili, 1 Machi

Ndaki kaniomba tutoke naye misa, yeye ambaye hata si Mkatoliki. Nilijua ana neno. Tumetembea mpaka karibu na stesheni, reli ipo, treni haipo, majani yameanza kuota kati ya vyuma.

Akasema, "Dada Doro, kwetu ng'ombe akikohoa mzee humtenga kwanza, halafu ndiyo anauliza ana nini."

Nikamwambia mimi si ng'ombe wa baba yake.

"Sikusema hivyo. Nauliza tu. Siku nilipokupiga picha, chini ya kitambaa kulikuwa na nini?"

Nilimtukana. Sitayaandika niliyomtukana, mama yangu angenichapa. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Pima makohozi. Kikopo kidogo tu, pale maabara. Ukiwa huna, nitakupigia magoti nikuombe radhi mbele ya Osward."

Na nikipimwa nikakutwa nacho? Nitarudishwa nyumbani, mwaka umekwenda. Na siku hizi ukisema kifua kikuu watu hawasikii kifua kikuu, wanasikia ule ugonjwa mwingine. Nitaonyeshwa kwa vidole kuanzia hapa hadi Mpimbwe, mimi ambaye sijawahi kuguswa na mwanamume. Nikiache kikohozi kiishe na mvua. Vikohozi vingi huisha na mvua.

Bibi naye alisema hivyohivyo. Sijui kwa nini nimelikumbuka leo.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Kikopo cha maabara ninacho mkobani. Kitupu.

Jumapili, 8 Machi

Candide ana homa. Mama yake kamnunulia klorokwini dukani. Ni malaria, mbu wamejaa kila dimbwi, na madimbwi ni mengi kuliko nyumba.

Jumanne, 10 Machi

Homa haijashuka. Amekataa uji. Nilimpa kipimo changu acheze, akakishika tu.

Alhamisi, 12 Machi

Asubuhi Candide hakuniita Dokita. Aliangalia ukuta. Nilipomwinua shingo yake ilikuwa ngumu na alilia kilio chembamba ambacho si chake. Mama yake alimfunga mgongoni na tukaenda hospitali kwa miguu kwenye matope, mimi nimeshika mwavuli juu yao. Nilikuwa nakohoa njia nzima na Mama Candide aliniambia pole, Doro, rudi ukalale, utaumwa na wewe.

Dokta Felisiani alimwangalia mtoto akaacha utani. Akafungua kabati mwenyewe. Ilibaki filamu moja. Jenereta likawashwa.

Wakati picha inakauka mvua ilikatika. Jua lilitoka kali, la kuumiza macho, halijatoka hivyo wiki nzima. Dokta akaibandika picha ya Candide kwenye kioo cha kati, ubavuni mwa yangu.

Sikuhitaji kuanza nje. Mapafu yote mawili, kuanzia juu hadi chini, yalikuwa na vidoa vidogovidogo sawasawa, ungesema mtu amemwaga mtama.

"Angalieni kizima," Dokta akasema akigusa changu, "na angalieni cha mtoto. Hiki ni kifua kikuu kilichosambaa mwilini, na kwa ile shingo, kimeshapanda kichwani. Mtoto mdogo hivi hakiokoti njiani. Anakipata kwa mtu mzima anayelala naye." Akamgeukia Mama Candide. "Mama, nyumbani ni nani anayekohoa?"

Mama Candide alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa swali la darasani. "Hakuna, Dokta. Tuko watatu tu. Mimi mzima. Na huyu dada," akanionyesha, "ana mafua kidogo ya mvua, lakini yeye ni wa kwenu. Si ndiye huyo dirishani? Aliniambia picha yake ndiyo mnayofundishia."

Nilimwambia hivyo kweli. Nilijisifu, Januari, tukila maandazi.

Jua lilikuwa limejaa kwenye kioo. Nikatazama picha yangu kwa mara ya kwanza tangu lile somo la nywele. Ukungu uko palepale chini ya mtulinga wa kulia. Haupandi shingoni. Unakaa ndani ya pafu, na unaishia hapo.

Nilivua kitambaa. Nywele zimeota, zinaweza kushikwa kwa vidole sasa. Nikasema, "Dokta, zile si nywele. Siku ile nilikuwa nimenyolewa. Nilikuwa nimefiwa na bibi."

Nilidhani atanifokea. Alikwenda dirishani akasogeza uso karibu kabisa na kioo. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ndaki aliniuliza. Sikugeuka hata kuangalia." Akaibandua picha, plasta ikabaki kwenye kioo.

Mama Candide alikuwa anatutazama, mmoja baada ya mwingine. Hakuelewa bado. Ilibidi nimweleze mimi, kwa maneno ya kawaida, na nilipofika mwisho aliuliza swali moja tu.

"Ulijua?"

Nikamwambia, "Nilikuwa nakataa kujua."

Akamfunga Candide mgongoni vizuri zaidi na kumfuata muuguzi kwenda wodini.

Ijumaa, 13 Machi

Makohozi yangu yamejaa wadudu. Ndaki ndiye aliyeleta majibu. Hakusema nilikwambia.

Jumatatu, 16 Machi

Niko wodi ya pembeni, ile nyuma ya jiko. Sindano kila asubuhi, na vidonge vinavyofanya mkojo uwe mwekundu. Candide yuko wodi ya watoto. Sindano ni ileile yangu, ila yake ni nusu. Kutoka dirishani kwangu naona mlango wao. Mama Candide hupita na bakuli la uji asubuhi na jioni. Hageuzi kichwa, na mimi ningemchukia mtu ambaye angemwambia ageuze.

Jumapili, 22 Machi

Mvua. Osward kaja hadi mlangoni na embe mbili. Alisimama mbali, akakosa mzaha wa kunitania, akaziweka chini akaondoka.

Alhamisi, 26 Machi

Muuguzi anasema mtoto hafungui macho. Nimeuliza kama naweza kwenda kumwona. Amesema Mama Candide hajakataa, lakini nisiende.

Jumapili, 29 Machi

Candide amefariki alfajiri. Nilisikia kilio cha mama yake kabla ya kuambiwa.

Jumanne, 31 Machi

Wamemzika jana. Dokta Felisiani alikwenda, Ndaki alishika jembe. Mimi nilitazama mawingu na kuhesabu vidonge, na nilijichukia kwa kuvimeza, maana mimi vinanisaidia.

Jumamosi, 4 Aprili

Treni imefika. Tumeisikia inalia kutoka mbali na wagonjwa wote wanaoweza kusimama wametoka nje kusikiliza. Filamu zimo. Dokta anasema Jumanne nitapigwa picha upya, tuone pafu limefikia wapi.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo haijanyesha.

Saa za jioni Mama Candide alikuja. Hakusimama mlangoni kama wengine, aliingia. Alikuwa na beseni la maji, sabuni ya kufulia na wembe mpya, bado uko kwenye karatasi yake. Nilianza kusema pole, nisamehe, sijui nilisema nini. Aliniacha nimalize kisha akaweka beseni sakafuni.

"Uliniambia kwenu hunyolewa waliolala nyumba moja na marehemu," akasema.

"Ndiyo."

"Basi kaa chini."

Nikakaa. Alinilowesha kichwa, akapaka sabuni, akaanza mbele kwenda nyuma. Nilidhani atanikata na nilitaka anikate. Hakunikata hata mara moja. Mkono wake ni mwepesi kuliko wa shangazi. Kikohozi kiliponishika aliinua wembe, akasubiri kiishe, akaendelea.

Alipomaliza alizizoa nywele zote kwenye gazeti akalikunja. Akasuuza wembe. Mlangoni akasema kesho nisichelewe kwenye picha, na akaenda na lile gazeti la nywele zangu kwapani mwake.